Bwawa kuukuu: kulibomoa au kulijengea ngazi ya samaki?

Swali hili huibuka kila bwawa linapochakaa. Mimi hulipima kwa mto Elwha, jimbo la Washington, Marekani, uliozibwa na mabwawa mawili, la 1913 na la 1927, yote bila njia ya samaki.

Kwa gharama za mwanzo, ngazi mara nyingi ni nafuu: vidimbwi vya zege vilivyopangwa kama vidato, samaki akiruka kimoja baada ya kingine. Kubomoa mabwawa ya Elwha na kuurudisha mto katika hali yake kuligharimu takriban dola milioni 325.

Kwa uhai wa mto, kubomoa kunashinda, tena kwa mbali. Ngazi humpandisha samoni, samaki wa baharini anayepanda mto kutaga mayai, lakini haishushi mchanga, na nyuma ya kuta za Elwha ulirundikana mchanga na tope mita za ujazo zaidi ya milioni 20. Kuta zilipoondolewa kidogo kidogo, 2011 hadi 2014, maji yaligeuka kahawia mpaka baharini. Kisha mdomo wa mto, uliokuwa umebaki mawe, ukaota ufuo wa mchanga. Mwaka 2023 Waklallam, wenyeji wa mto ule, walivua samoni tena.

Matunzo? Ngazi husafishwa magogo na takataka, na ukuta wenyewe unaendelea kuzeeka.

Bwawa likiwa bado linawasha taa za mji, kama Bonneville kwenye mto Columbia, ngazi ina maana. Likiwa limejaa tope na halina kazi, ningelibomoa, ila pimeni kwanza tope hilo kama lina sumu.