Klabu ya mitumbwi Honolulu: nilimpeleka mtoto, nikafokewa mimi

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa tukio lenyewe lina wiki nyingi sasa, labda miezi, sikumbuki vizuri, nachokumbuka mchanga ulikuwa wa moto na watu wote waligeuka kunitazama. Jina la klabu silitaji. Kwanza mwanangu bado yumo, pili watu wa mitumbwi hapa kisiwani Oahu, Hawaii, wanajuana wote, ukipiga chafya Ala Wai wenzako wa Ke'ehi wameshasikia.

Mi mtu wa Nungwi. Nasema mapema ili mjue maudhi yangu yanatokea wapi. Babu yangu alikuwa fundi ngalawa, nimekua na harufu ya sifa puani, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, na vumbi la mwembe nyweleni, nimefua maji kwa upo, kata ya kutolea maji chomboni, kabla sijajua kuandika jina langu. Sasa mtu kama mimi aje afokewe mbele ya mtoto wake kwamba hajui adabu ya chombo? Tena anafokewa na mzee aliyevaa bukta ya maua?

Kisa chenyewe hiki. Binti yangu ana miaka 12, marafiki zake wa skuli wengi wanapiga kafi, akaniganda, baba wa'a, baba wa'a, ndo wanavyouita mtumbwi wao. Nikasema sawa, mtoto akijua bahari hajapotea. Tukajaza fomu, tukalipa hela ya msimu ambayo kusema kweli si kubwa, akafanyiwa majaribio ya kuogelea na kukaa majini bila kushika kitu, akapita. Ikaja imeili ya kumkaribisha, ndeeefu. Njoo na kofia, njoo na maji, njoo na mafuta ya jua, na mafuta yawe yale yasiyoua matumbawe, maana tangu 2021 Hawaii yenye oksibenzoni hayauzwi madukani. Vyote hivyo wameandika. Ile habari moja ambayo ingeniokoa mimi na aibu hawajaiandika, hata mstari mmoja hamna!

Siku ya tatu au ya nne hivi ya mazoezi, saa kumi na nusu jioni, nimetoka kazini jikoni hotelini na miguu inawaka, nafika ufukweni naona binti kasahau chupa yake ya maji garini. Yeye yuko ng'ambo ya mtumbwi na wenzake watano, wanasubiri kuusukuma majini. Mtumbwi umelala mchangani, mrefu kama mita kumi na tatu, na upande wa kushoto una ule mrengu wao, gogo la pembeni la kuzuia chombo kisipinduke, wenyewe wanauita "ama", umetanua huko. Ngalawa yetu ina mirengu miwili, kulia na kushoto, hii yao ina mmoja tu. Sasa nizunguke yote hayo kwa ajili ya chupa? Nikainua mguu, nikaukiuka mtumbwi katikati, hapo kwenye siti ya tatu, nikampa mtoto maji yake.

Ndugu zangu. Mzee mmoja akapaza sauti utadhani nimeua mtu. Zunguka! Unazunguka mtumbwi, huupandii juu! Afu akaongeza neno ambalo ndo limenikaa mpaka leo: nani kakulea wewe?

Nani kanilea. Mimi.

Watoto kimya. Kochi, msichana mdogo tu wa miaka ishirini na kitu, akatazama chini. Binti yangu akawa mwekundu masikio, akaipokea ile chupa kama nampa kitu nimeiba. Nikataka kumjibu yule mzee, nikataka kumwambia aliyenilea kachonga vyombo vingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwako, lakini Kiingereza cha hasira mi sina, kinanitoka cha jikoni tu, nikasema sori, nikazunguka. Nilizunguka mtumbwi mzima kwa mguu kurudi nilikotoka, na ile safari ya kuzunguka ndo ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea.

Na kinachoniuma zaidi, hapo pembeni kulikuwa na vitoto vya watalii viwili vimekalia mtumbwi mwingine vinapigwa picha. Havikuguswa! (Baadae kochi akaniambia navyo vilifokewa, tena vibaya zaidi, mi nilikuwa nishaondoka. Haya. Inawezekana.)

Usiku nyumbani nikaapa mtoto harudi. Nikaanza kuandika hii rivyuu, nyota moja, nikaandika wabaguzi, nikaandika hawana ustaarabu. Mke wangu ananisikiliza tu anakuna nazi. Tunayo mbuzi hapa, kaja nayo kwenye sanduku kutoka Unguja, walimsachi uwanja wa ndege kwa sababu ya yale meno yake. Akaniuliza swali moja tu, kwani we kwenu ukimruka mtu amelala bibi yako alikuwa anakufanyaje?

Nikanyamaza. Maana jibu nalijua. Nilikuwa natandikwa. Siye tumekuzwa hivyo, mtoto amekaa kanyoosha miguu humruki, atadumaa, na ukisahau ukamruka unarudi ulipopita ili umruke kinyumenyume utengue. Sasa hawa wenzetu mtumbwi ni mtu. Ni wa familia. Ile ya jadi inachongwa gogo la koa, mti wa kwao huku huku, inabarikiwa kwa dua kabla haijagusa maji, inaitwa jina, pengine jina la mzee aliyefariki. Kwa hiyo mi nimemruka bibi wa mtu akiwa amelala mchangani. Ukiliweka hivyo, hata mi ningepaza sauti.

Lakini ile ya nani kakulea haikuwa lazima. Hapo sirudi nyuma.

Nikafuta ile rivyuu. Binti akarudi, na mi nikarudi naye, nakaa mbali chini ya mti kama mtu aliyefukuzwa arusini. Na huko mbali ndo nikaanza kuona vitu. Niliona siku ya kupindua, wanaita huli, wanaupindua mtumbwi kwa makusudi ili watoto wajifunze. Sita wamo majini, kwanza wanahesabiana kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka sita, hakuna kufanya chochote kabla sita haijajibu. Wawili wanapanda juu ya tumbo la mtumbwi, wanashika iako, zile boriti za mrengu, wanajivuta kwa nyuma kwa uzito wao wote, mwingine anausukuma mrengu kutokea chini, mtumbwi unageuka, afu wote wanafua maji kwa madumu ya klorini yaliyokatwa mdomo. Upo huo! Upo wa plastiki! Binti yangu alikuwa namba tano, anafua maji huku anacheka, na mi peke yangu chini ya mti mkono wangu unakwenda nao bila kujijua.

Na kochi yule msichana, jamani, huyu nyota tano peke yake. Hajawahi kumwambia mtoto umekosea, anamwambia msikilize wa mbele yako. Namba moja ndo anatoa mwendo, namba sita kashika usukani, katikati mmoja anapiga hut! wenzake wanajua bado pigo moja, wote wanaitika ho! wanabadilisha upande kwa pamoja. Ukilisikia mara ya kwanza unasema kelele, ukilisikia mara ya kumi unasema hii ni wimbo wa kuvuta wavu wa jarife tu, tumezaliwa nayo.

Mashindano ya kwanza hawakushinda, walikuwa wa mwisho kasoro mmoja, robo maili tu lakini wakamaliza wamelegea kama mtama uliolowa. Siku hiyo hiyo wanapiga kafi watoto wa miaka 12 na bibi waliopita sitini, ufukwe mmoja, mahema yamepangwa, kila mtu mzima anaitwa anti au anko hata humjui. Hapo nikajisikia nyumbani kidogo. Chakula kikaletwa, wali umefinyangwa juu kipande cha nyama ya kopo, umefungwa mwani. Nguruwe ile, siye hatuli, nikamkonyeza binti asiguse. Anti mmoja akaona, hakuuliza kitu. Mashindano yaliyofuata akaja na sahani pembeni, zimetiwa samaki, akasema hizi za wenu. Basi. Sasa hii naiwekaje kwenye nyota?

Nije kwa mzee wa bukta, maana najua mnamngoja. Jumamosi wana mtumbwi wa wazi kwa jamii, wazazi, wazee, yeyote, unakuja unapanda bure. Nilikwenda kwa sababu binti alinisukuma. Nani kashika usukani? Yeye. Nikawekwa namba tano, mgongo wangu mbele ya macho yake. Hakuniambia pole, hakuniambia karibu. Kaniambia kafi umelishika vibaya, na kweli nililishika vibaya, sisi tunalishika chini zaidi. Tukaenda mpaka nje ya mwamba. Mawimbi yakaingia, akanipa dumu, nikafua maji, nikafua vizuri wallahi, maana hiyo kazi hakuna wa kunifundisha. Akauliza, umejifunza wapi hiyo. Nikamwambia Zanzibar, babu yangu alichonga hizi, zina mirengu miwili. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza kamba za mrengu babu yako alikuwa anafunga na nini? Nikamwambia kamba ya makumbi ya nazi. Akasema na wao zamani hivyo hivyo. Wala si ajabu, Kimalagasi cha Madagaska na Kihawaii ni lugha za ukoo mmoja, ndugu wa hawa watu na mirengu yao walitembea kufika karibu na kwetu zamani sana. Hayo nilimwambia mimi, yeye akaguna tu. Baadae watu wakanambia huyo mzee kashavuka mkondo wa Kaiwi kutoka kisiwa cha Molokai kuja Oahu mara nyingi, yale mashindano yaliyoanza 1952 na mitumbwi mitatu. Maili arobaini na zaidi kwa kafi. Sawa. Kazi yake anaijua, mdomo wake ndo tatizo.

Kwa mzazi anayefikiria: mpeleke mtoto. Mpeleke kesho. Ila wewe mwenyewe uliza miko yao kabla hujavuka mlango, maana imeili haitakwambia, na nimewaandikia mara mbili wauongeze huo mstari mmoja, usikiuke mtumbwi, maneno mawili sijui yanawagharimu nini, nimejibiwa asante kwa maoni yako. Msimu umekaribia kuisha na imeili bado ile ile, mafuta ya jua yamo, mtumbwi haumo. Nikikumbuka hilo hasira zinarudi upya.

Nilikuwa nimeweka nne, narudisha tatu. Ya nne ni ya yule anti wa samaki na kochi, wagawane. Jumamosi nikiwahi kutoka kazini nitakuwepo, lakini siti ya tano sitaki tena, niwekeni namba mbili huko.