Usinga wa Soko la Jiji: Je, Singa ni za Shingoni au za Mkiani?

Mwezi uliopita nilihitaji usinga, yaani mpini uliofungwa manyoya marefu ya mnyama ambao wazee huushika na kuupunga, wa kumpelekea mjomba wangu, ambaye ukoo ulikuwa unamkalisha katika baraza la wazee, nikaingia katika kibanda kimoja cha vinyago ndani ya Soko la Jiji, Mtaa wa Muindi Mbingu, Nairobi. Juu ya ukuta palibandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nzito: "Masinga ya shingo ya farasi, shilingi 1,800." Nililipa bila kubishana sana, kwa kuwa mpini ulikuwa umefungwa shanga kwa ustadi na haukulegea hata nilipoutikisa kwa nguvu.

Nyumbani ndipo nilipoutazama vizuri. Manyoya ya shingo ya farasi huota kwa mstari juu ya ukosi, kwa hiyo anayetaka kutengeneza usinga kwa manyoya hayo hana budi kuyakusanya na kuyafunga shada. Haya yangu yalikuwa yameota pande zote za kipande kimoja cha ngozi, chembamba kama kidole, nayo yalikuwa magumu na yenye mawimbi. Ulikuwa mkia, na kwa kadiri ninavyowajua ng'ombe wa kwetu, ulikuwa mkia wa ng'ombe.

Niliporudi kulalamika, muuzaji alinijibu kwa upole, "Mama, singa ni singa." Niliudhika, lakini nikikaa na neno lenyewe naona kwamba alikuwa na nusu ya haki. Usinga ni unywele mrefu wa mnyama, uwe wa shingoni au wa mkiani, na wingi wake ni singa: usinga huu, singa hizi. Kisha neno hilohilo limehamia kwenye chombo kinachotengenezwa kwa nywele hizo, ambacho wengine hukiita mgwisho, na ambacho Wakenya wengi hukikumbuka mkononi mwa Mzee Jomo Kenyatta. Hata binadamu ana sehemu yake, kwani mtu mwenye nywele laini zilizonyooka husemwa kuwa ana nywele za singa, ingawa hakuna anayemfananisha na farasi. Kwa hiyo anayetaka kumtaja simba dume na fahari yake bila utata ni heri aseme manyoya ya shingoni, akikumbuka kwamba huko Tsavo madume wengi wana manyoya haba, na wengine hawana kabisa. Kosa la muuzaji halikuwa neno singa, bali maneno "shingo" na "farasi" aliyoyaongeza ili bei ipate uzito. (Afadhali hakuandika simba, maana kuuza kiungo cha mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013.)

Kama bidhaa, usinga wenyewe ni mzuri. Ni mwepesi, unarudi vizuri mkononi ukipungwa, na hadi sasa haujanyonyoka. Dosari ni mbili: rangi nyeusi ya mpini iliacha alama kiganjani kwa siku kadhaa, na ngozi ilikuwa na harufu iliyonilazimu kuutundika kivulini penye upepo kabla ya kuufunga zawadi. Asije mtu akauosha kwa maji ya moto, kwani ngozi itajikunja na kuwa ngumu. Kwa shilingi 1,800 sijutii, ila ningeambiwa mapema kuwa ni wa ng'ombe ningeomba nipunguziwe.

Mjomba aliupokea kwa mikono miwili na hakuuliza ulitoka kwa mnyama gani. Juzi nilipita tena sokoni, nikakuta muuzaji amekata kwa kalamu "shingo ya farasi" na kuandika "ng'ombe" juu yake. "Masinga" hakuyagusa.