The Wild Bunch: maoni ya mtazamaji wa mara ya kwanza

Yeyote aliyezoea filamu za kauboi za zamani, zile ambazo stelingi anafyatua risasi moja na adui anajishika tumbo na kuanguka bila kutoka hata tone la damu, atashtuka mapema sana akiitazama The Wild Bunch, filamu iliyoongozwa na Sam Peckinpah na kutolewa mwaka 1969. Niliifungua kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshasikia sifa zake, na nilitarajia kwamba baada ya zaidi ya nusu karne, ambamo sinema imeshamwaga damu ya kila namna, makali yake yangekuwa yamepungua. Hayajapungua. Wingi wa damu si sababu, kwa kuwa zipo filamu za leo zinazoizidi kwa mbali. Kinachomtesa mtazamaji ni kujua nani anapigwa risasi na nani amesimama pembeni akitazama.

Filamu inaanza na watu waliovaa sare za jeshi la Marekani wakiingia kwa farasi katika mji mdogo wa Texas, mwaka 1913. Kando ya njia watoto wamechuchumaa, wamewatupa nge katikati ya kundi la sisimizi wekundu, na wanacheka wakiona nge hao wanavyohangaika. Wapanda farasi wanawatazama watoto, watoto wanawatazama wapanda farasi, kisha kila upande unaendelea na shughuli yake. Muda si mrefu tunatambua kwamba wale askari ni majambazi waliokuja kuiba fedha katika ofisi ya kampuni ya reli, na kwamba juu ya mapaa wamejificha wasaka watu kwa malipo, walioajiriwa na kampuni hiyo hiyo kuwavizia. Katikati ya barabara, kati ya makundi hayo mawili, unapita msafara wa chama cha kupinga pombe: wanawake, wazee na watoto wanaotembea kwa wimbo wa kanisani. Kila aliyeko juu ya paa anauona msafara huo. Hakuna anayeahirisha.

Risasi zinapoanza, hakuna anayejali zinampata nani. Mwanamke anakanyagwa na farasi. Mpanda farasi na mnyama wake wanapita katika dirisha la kioo la duka. Watoto wawili wamekumbatiana katikati ya barabara, macho wazi, na kamera inawarudia kana kwamba inataka tujue kuwa wao nao wanajifunza jambo. Baadaye, maiti zikiwa bado zimelala vumbini, watoto wa mji wanakimbia katikati yake wakielekezana vidole kama bunduki na kuiga milio ya risasi. Majambazi nao, baada ya kutoroka na kuifungua mifuko yao, wanakuta imejaa washa, zile pete za chuma zinazowekwa chini ya nati. Mji mzima umemwagiwa damu kwa ajili ya vyuma visivyo na thamani, na katika filamu yote sikuona dharau nyingine ya aina hiyo iliyonikaa moyoni kwa muda mrefu kama hii.

Namna tukio hilo lilivyopigwa picha inastahili kuelezwa, kwa sababu wengi wameiiga bila kuielewa. Peckinpah na mpiga picha wake, Lucien Ballard, walitumia kamera kadhaa kwa pamoja, zikinasa picha kwa kasi tofauti, na mhariri Louis Lombardo akavichanganya vipande hivyo vifupi vifupi. Mtu anaanza kuanguka kutoka kwenye paa kwa mwendo wa polepole. Tunaondolewa hapo na kuoneshwa mtu mwingine anayekimbia kwa kasi ya kawaida. Tunaporudishwa, yule wa kwanza bado hajafika chini. Waigaji wengi huutumia mwendo wa polepole kumpendezesha shujaa ili tumfurahie kwa nafasi. Hapa umekatwakatwa na kuingizwa katikati ya vurugu, na matokeo yake ni kwamba mtazamaji hapati mahali pa kutuliza jicho. Filamu ya Bonnie and Clyde ya mwaka 1967 ilikuwa imeshaifungua njia hiyo, na mwaka 1968 Hollywood iliachana na kanuni zake za zamani za maadili ya filamu na kuanza kuzipanga filamu kwa umri wa watazamaji. Peckinpah aliipata nafasi hiyo na kuitumia yote.

Baada ya hapo hadithi inatulia, na ndipo nilipoanza kuwathamini waigizaji. William Holden anamwigiza Pike Bishop, kiongozi wa genge ambalo wakati umelipita: magari yameshaanza kuonekana, mapinduzi ya Mexico yanaendelea ng'ambo ya mpaka, na wao wamebaki na farasi, viungo vinavyouma na ndoto ya kazi moja ya mwisho. Anayewafuatilia ni Deke Thornton, rafiki yake wa zamani, aliyetolewa gerezani kwa sharti la kumkamata Pike, na Robert Ryan anamcheza kwa uso wa mtu anayewachukia wenzake anaotembea nao kuliko wale anaowawinda. Kuna tukio dogo lisilo na hata risasi moja ambalo ningelichagua kuliko mapigano mengi: Pike anataka kupanda farasi, ukanda wa kikuku, pale pa kukanyagia mguu, unakatika, anaanguka juu ya mguu wake mbovu, na vijana wake wanamcheka waziwazi. Ananyanyuka kwa shida, anapanda tena bila kuwajibu, kisha anatangulia peke yake, mgongo umepinda kidogo. Hapo hatuhitaji kuambiwa kwamba uongozi wake umefika ukingoni.

Wizi wa silaha kwenye treni ni kazi safi ya ufundi, yenye maneno machache sana, na inaishia kwa daraja kulipuliwa huku watu na farasi wa kweli wakitumbukia mtoni. Silaha hizo zinaibwa kwa ajili ya Mapache, jenerali mlevi na mkatili, kwa malipo ya dola 10,000 za dhahabu. Anayemwigiza ni Emilio Fernández, ambaye mwenyewe alikuwa mwongozaji mkubwa wa filamu nchini Mexico.

Kasoro zipo, na jina kubwa la filamu haliwezi kuzificha. Wanawake wa Mexico humu ni makahaba au wasaliti, na wanapouawa filamu haiwalilii. Mmoja anapigwa risasi katikati ya karamu na muda mfupi baadaye wanaume wanacheka. Kucheka kwenyewe kumezidi: kila mara genge linapokwama, mmoja anaanza, wote wanafuata, na mara ya tatu nilihisi nalazimishwa nami nicheke. Matukio ya kumbukumbu za Pike yameunganishwa kwa namna ya kizamani isiyolingana na uhariri mwingine wote.

Asiyetaka kujua mwisho airuke aya hii. Pike na wenzake watatu wanaamua kumfuata Angel, kijana wao wa Mexico anayeteswa na Mapache kwa sababu alilipeleka sanduku moja la bunduki kwa wanakijiji wake. Wanatembea kwa miguu, bega kwa bega, bunduki mikononi, hadi mbele ya jeshi zima. Mapache anamchinja Angel mbele yao, nao wanamuua Mapache, na kinafuata kimya ambacho kila mtu angeweza kukitumia kuondoka. Hawaondoki. Wengi wanayataja mauaji yanayofuata, pamoja na ile bombomu inayopokezwa kutoka mkono hadi mkono, kama kilele cha filamu. Sikubaliani nao kikamilifu. Katika tukio la mwanzo wanaokufa hawakuchagua lolote; hapa filamu inawapa watu wanne kifo wanachokitaka, yaani kifo cha kishujaa, na Wamexico wanaanguka kwa makumi bila majina ili kifo hicho kikamilike. Ni uzuri unaotia shaka. Kinachouokoa ni kwamba Pike anapigwa risasi mgongoni na mwanamke, kisha na mtoto aliyevaa sare ya jeshi, na baada ya kuwatazama watoto tangu dakika ya kwanza, tunamfahamu mtoto huyo vizuri.

Anayetaka kuitazama atafute toleo la dakika 145. Mwaka 1969, baada ya filamu kuanza kuoneshwa Marekani, wasambazaji waliipunguza kwa takriban dakika 10, na miongoni mwa vilivyoondolewa ni kumbukumbu inayoeleza namna Thornton alivyokamatwa, jambo ambalo bila hilo uadui wake na Pike unabaki nusu. Sehemu hizo zilirudishwa katika sinema mwaka 1995, baada ya bodi ya Marekani inayopanga filamu kwa umri kuipa kwanza daraja linalowazuia kabisa watoto, uamuzi ambao baadaye ulilegezwa. Kwa maoni yangu, daraja lile kali halikuwa la kushangaza: filamu hii haifai kwa watoto, na hata mtu mzima asiyevumilia kuona farasi wakiangushwa au wadudu wakichomwa moto atakuwa na wakati mgumu. Picha yake ni pana, na nyuso nyingi zimewekwa pembeni kabisa mwa fremu, kwa hiyo kuitazama kwenye simu ni kuikosa nusu yake.