Chupa ya uji ya lita 5, Kariakoo: miezi minane mkononi

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka 60. Miezi ya kwanza nilikuwa naamka alfajiri, sina pa kwenda. Akina mama wa usharika wakaniingiza kwenye zamu ya kupeleka uji wodini, Jumanne na Ijumaa. Ndipo nikainunua chupa hii Mtaa wa Kongo, kwa shilingi 45,000.

Joto inalitunza kweli. Nakoroga uji wa ulezi saa kumi na moja, napanda mwendokasi Kimara hadi Kivukoni. Saa mbili na nusu ukimiminwa bado unafuka. Juzi bibi mmoja aliyekuwa amekataa chakula tangu jana yake alikishika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa taratibu mpaka mwisho. Akaniambia, "Mwalimu, sasa tuombe." Yeye ndiye aliyeomba, akaniombea mimi.

Mpira wa kifuniko ulilegea mwezi wa tatu, uji ukanimwagikia kwenye kitenge. Muuzaji alinibadilishia bila maneno mengi. Ya pampu msiichukue, uji mzito unaiziba; chukueni yenye mdomo mpana, mchote kwa upawa. Ikijaa ni nzito, mimi naibeba kikapuni.

Ijumaa hii nanunua ya pili, wodi ya wanaume nao wameuulizia.