Mazoezi ya kikapu ya Jumamosi, Kisumu: mpwa wangu amebadilika

Mpwa wangu wa Kondele ana miaka 18 na urefu wa kutosha, lakini mpira ulikuwa ukimponyoka kila mara. Kocha hakumharakisha kwenye mechi. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa miguu tu: kusimama, kugeuka, kutua kwa miguu yote miwili. Kisha kudunda kwa mkono wa kushoto mpaka jasho litiririke. Kocha humsimulia habari za mchezaji Pascal Siakam wa Kameruni, aliyepelekwa timu ya Raptors 905 katika ligi ndogo, akatwaa nayo ubingwa wa 2017 kabla ya kung'aa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Amerika Kaskazini. Sasa kijana anadaka ribaundi, mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu, bila kucheza rafu! Uwanja ni wa saruji, magoti huuma, na maji ubebe mwenyewe. Shilingi 300 kwa siku, nalipa kwa moyo mkunjufu.