Mayonezi ya Kewpie: viini vya mayai bila ute

Mayonezi ni mafuta ya kula yaliyopigwa pamoja na kiini cha yai na siki, au maji ya limau, mpaka yakashikana na kuwa rojo zito; kinachoyashikanisha ni lesithini iliyomo ndani ya kiini. Naanza na maana hiyo kwa sababu kwa miezi kadhaa nilinunua chupa ya bei nafuu iliyoacha majimaji kila nilipochanganya saladi ya kabichi, na siku niliposoma kibandiko chake nikakuta maji na wanga vimetajwa kabla ya mafuta, na yai karibu na mwisho. Nchini Marekani kanuni zinadai mayonezi iwe na mafuta ya mimea yasiyopungua asilimia 65 ya uzito wake, pamoja na kiini cha yai, na mimi naona kipimo hicho ni cha haki kwa mnunuzi.

Kewpie, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1925 na Toichiro Nakashima, hutumia viini peke yake bila ute. Ndiyo maana rangi yake inaelekea manjano, na ulimi huhisi uzito wa yai kabla ya ukali wa siki. Wajapani huichora kwa mistari myembamba juu ya okonomiyaki, ambayo ni kama chapati nene ya maji iliyojaa kabichi, na chupa yake laini ya kuminya inarahisisha sana kazi hiyo. Nyumbani kwangu imefaa zaidi kwenye viazi vya kuchemsha na jodari wa kopo, vikisagiwa pilipili manga na kukatiwa kitunguu kidogo. Kwa chipsi ni tamu mno, ila mkono hauna budi kuzuiwa, kwani kijiko kimoja cha chakula kina takriban kalori 100.

Anayejiepusha na ajinomoto ajue kwamba Kewpie inayotengenezwa Japani imetiwa kiungo cha aina hiyo. Bei nayo iko juu kuliko chupa nyingi za rafu ileile, lakini kwa kuwa kidogo chake kinatosha, sijutii kuilipa. Ukishaifungua, iweke kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu, maana ikiganda mafuta hujitenga na haishikani tena.