Uzoefu wangu na nyimbo za Kijapani za mwanaume anayependa asikopendwa

Anayezitafuta nyimbo hizi aanze na neno moja: kataomoi. Kata ni upande, omoi ni mawazo au hisia za moyoni. Yaani penzi la upande mmoja. Huandikwa 片想い au 片思い, maana ni ile ile, ila tafuta kwa maandishi yote mawili, maana programu za kusikilizia muziki hazileti matokeo yale yale kila mara. Ukiongeza 男目線, "kwa jicho la mwanaume", orodha zitachujika vizuri zaidi. Ukitafuta kwa herufi zetu hizi tu utapata pungufu, na nyingi zitakuwa nyimbo zilizorudiwa na waimbaji wengine.

Usiichanganye na shitsuren. Hiyo ni ya walioachana: walikuwa pamoja, kikaharibika kitu. Kwenye kataomoi hapajaanza chochote. Ndani ya kataomoi hakuna wa kulaumiwa, na ndiyo sababu mimi naziona ngumu kuzitunga na tamu zaidi kuzisikiliza. Orodha nyingi zilizotengenezwa na wasikilizaji hutia zote kapu moja, na msikilizaji mgeni huishia kudhani Wajapani wanaimba kuachana tu.

Kosa linalowapata wengi ni kutojua nani anazungumza. Kijapani kina "mimi" nyingi. Boku ni mimi ya kiume, ya upole. Ore ni ya kiume pia, kavu zaidi. Watashi kwenye nyimbo za pop mara nyingi ni mwanamke. Sauti ya mwimbaji haikusaidii hapa. Happy End ya kundi la back number (2016) inaimbwa na mwanaume, lakini mwenye maneno ni mwanamke. Dry Flower ya Yuuri (2020) ni hivyo hivyo. Halafu kuna AKB48, kundi la wasichana pekee, ambao Ponytail to Shushu yao (2010), yenye maneno ya Akimoto Yasushi, wanaiimba kwa boku: ni mvulana anayemtazama msichana mwenye nywele zilizofungwa nyuma, akiwaza atasema nini wakibaki wawili. Hiyo naiweka kwenye orodha ya wanaume bila kusita. Kwa hiyo kabla hujauhifadhi wimbo, fungua maneno yake na utafute 僕 (boku) au 俺 (ore). Ni kazi ya sekunde kumi.

Tafsiri ya mashine usiiamini kwa jambo hili. Sentensi ya Kijapani huweza kukaa bila mtenda kabisa, na watunzi wa mapenzi huupenda sana utata huo. Kiswahili hakikubali: karibu kila mara kitenzi hudai kiambishi cha mtenda, kama ni-, u- au a-. Basi mashine inabahatisha, na "nilikusubiri" inageuka "ulinisubiri", penzi la upande mmoja linakuwa la pande mbili. Ukiona mstari unaopingana na wimbo wote, badilisha viambishi vya mtenda na mtendwa kwanza kabla ya kuutilia shaka wimbo.

Sasa nyimbo zenyewe. Iliyonikaa kuliko zote za miaka ya karibuni ni Takane no Hanako-san ya back number (2013). Takane no hana ni ua lililo kwenye kilele cha mlima, msemo wa mwanamke usiyeweza kumfikia, wa kula kwa macho tu. Hanako ni jina la kike la kawaida kabisa. Kuviunganisha viwili hivyo ni ufundi mtupu: binti wa kawaida amekuwa mlima. Sikiliza anavyomjengea mpenzi wa kufikirika. Anasema huyo bwana atakuwa amemzidi umri, ngozi iliyopigwa na jua ikampendeza, mpenda muziki wa Magharibi. Hakuna aliyemwambia habari hizo. Kamuumba mpinzani mwenyewe, kisha kashindwa naye. Kwenye kiitikio anataka atokee sasa hivi pale kwenye kona, na ngoma zinakimbia kama mtu anayekimbilia kona hiyo hiyo. Ni wimbo wa huzuni wenye mwendo wa furaha, na kwa mgeni ndio naupa nyota tano.

Pretender ya kundi la Official HIGE DANdism (2019) inajulikana zaidi, na inastahili. Gitaa la mwanzo tu unalitambua. Mwanaume huyu anakiri kwamba yeye siye aliyeandikiwa huyo mwanamke, na kuondoka hawezi. Anajiuliza huyu kwangu ni nani, halafu anasema jibu halijui wala hataki kulijua. Kitu kimoja tu ana hakika nacho: ni mrembo. Kiitikio kinaishia hapo, bila ombi lolote.

Za zamani zina ladha nyingine. Christmas Eve ya Yamashita Tatsuro (1983) ni ya mwanaume aliyeona usiku huo angeweza kulisema neno, na mwanamke hatokei. Mvua inanyesha, na usiku ukikua itageuka theluji. Kuanzia 1988 ilitumika kwenye matangazo ya reli ya JR Tokai, ya wapendanao wanaokutana stesheni, na Desemba 1989 ikashika namba moja kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani. Matangazo hayo yamefanya wengi waichukue kama wimbo wa furaha. Pale katikati sikiliza kwa hedifoni: ni Kanoni ya Pachelbel, muziki wa kale wa Ulaya, na sauti zote zilizopangana pale ni za Yamashita mwenyewe, zimerekodiwa moja juu ya nyingine. Usumbufu wake ni kuipata. Mwaka 2022 alisema wazi kwamba kazi zake huenda asiziweke kamwe kwenye huduma za kusikiliza kwa ada ya mwezi, kwa hiyo njia ya uhakika ni kununua CD au santuri.

Koi suru Karen ya Ohtaki Eiichi (1981, albamu A Long Vacation, maneno ya Matsumoto Takashi) nasifu sauti zake kuliko maneno. Vyombo vimejazana kama ukuta, na wewe uko ndani ya ukumbi unamwona Karen amelaza shavu kwenye bega la mwingine. Lakini mwishoni mwanaume anamgeukia: kwamba yeye Karen ndiye wa kuhurumiwa zaidi. Kinyongo hicho kinanipunguzia nyota moja. Wapo wanaokipenda kwa sababu ni cha kweli.

Upande wa umbo, nyimbo nyingi za sasa zina A-mero, yaani ubeti, B-mero, sehemu ya kuelekea kiitikio, kisha sabi, yaani kiitikio chenyewe. A-mero inakupa mahali, B-mero inasitasita, sabi inafungua moyo. Karibu na mwisho mara nyingi huja ochi-sabi, kiitikio ambacho ala zinanyamaza ikabaki sauti na piano au gitaa. Ukitaka kuupima wimbo haraka, ruka mpaka hapo. Kama pakinyamaza maneno hayasimami yenyewe, uache. Nyingi zinaanguka hapo: nyuzi nyingi za fidla, sauti ya kulialia, na mfuatano ule ule wa sauti za pamoja (chords) F, G, Em, Am unaoitwa oudou shinkou, mwendo wa njia kuu ya kifalme. Mfuatano si mbaya. Ubaya ni mtunzi kuuachia ulie kwa niaba yake.

Kwa kuimba, Mswahili ana bahati. Irabu ni zetu zile zile tano, silabi nyingi zinaishia kwa irabu, na ile n inayosimama peke yake ni kama ya nne au nchi: hontou ina mapigo manne, ho-n-to-u. Angalia tu suki, "kupenda": u yake humezwa, inasikika karibu na "ski". Pretender iko juu mno kwa mwanaume wa sauti ya kawaida. Shusha nusu-toni tatu au nne, la sivyo sabi ya pili inakukata.

Wimbo wa kujifunzia ninaoupendekeza ni Hatsukoi ya Murashita Kozo (1983). Mwendo ni wa kati, maneno yanatamkika, na kisa ni kimoja: msichana anakimbia kwenye uwanja wa shule baada ya masomo, mvulana anamtafuta kwa macho kutoka mbali. Wimbo unafunguka kwa neno samidare, 五月雨. Herufi zake zinasomeka "mvua ya mwezi wa tano", na tafsiri nyingi huandika mvua ya Mei. Ni mwezi wa tano wa kalenda ya zamani, hivyo ni masika yao ya Juni, majani yameshajaa na kila kitu kimelowa. Ndiyo maana Murashita anasema mvua hiyo ni ya kijani.